Macho ya Dar, hewa ya Arusha

SWALI: Shikamoo Kapteni. Nina leseni ya rubani binafsi na saa 104, karibu zote kwenye Cessna 172 kutoka Dar: Zanzibar, Mafia, Tanga, basi. Mwezi wa nane mdogo wangu anaolewa Arusha na nimepanga kumpeleka mama, mke wangu na shemeji yangu kwa ndege ya kukodi. Kiwanja cha Arusha sijawahi kutua hata mara moja. Nijiandae vipi ili nifike salama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa harusi, mdogo wako aolewe kwa heri.

Umeniuliza kuhusu kiwanja, lakini mimi naanza na harusi, maana ndiyo inayonitia wasiwasi. Harusi ina saa yake na mawingu ya Mlima Meru yana saa yake, na hayo mawili hayajawahi kukaa kikao. Utakuwa juu ya nyika ya Simanjiro, mbele kumefunga, na nyuma yako mama ameshika mfuko wa vitenge vya bibi harusi mapajani. Hapo ndipo mtu mzima na akili zake anajisemea, "Nisogee kidogo nione." Nimewahi kujisemea hivyo. Kwa hiyo usiruke siku ya harusi wala siku moja kabla. Ruka siku mbili au tatu kabla, na mweleze mama mkiwa bado sebuleni: tukikuta Arusha pabaya tunatua KIA, kile kiwanja kikubwa cha Kilimanjaro, na kuchukua gari, tukikuta na KIA pabaya tunarudi, kesho yake mnapanda basi. Ukishalisema hilo mbele ya mama, aibu ya kugeuza ndege inakwisha. Ukisubiri kulisema ukiwa angani, hutalisema.

Jambo la pili hutalipenda. Mara yako ya kwanza kutua Arusha isiwe na mama. Tafuta mwalimu anayerukia ukanda wa kaskazini, nenda naye siku ya kawaida, utue mara tatu nne, urudi. Ukishindwa gharama ya Arusha, nenda naye Dodoma, ambako kiwanja kiko zaidi ya futi 3,600 kutoka usawa wa bahari. Fedha utakayotumia ni ndogo kuliko mchango uliotoa kwenye kamati ya harusi, nina hakika.

Sasa tuingie kwenye kiwanja chenyewe. Saa 104 ulizonazo zimefundisha mkono na macho yako namna Dar inavyokuwa: namna lami inavyoonekana ukiwa fainali, ule mstari wa mwisho wa kutua, namna nyumba zinavyokua chini yako, sauti ya injini ukiondoka. Vyote hivyo umevijua bila kuvifikiria, na hicho ndicho kitakachokudanganya Arusha, kwa sababu macho yako ni ya Dar na hewa utakayoikuta si ya Dar.

Kwamba macho huona yanachokitegemea, muulize yeyote aliyekuwa Kisongo, kilipo kiwanja cha Arusha, tarehe 18 Desemba 2013. Siku hiyo Boeing 767 ya Ethiopia, iliyokuwa inakwenda Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, ilitua Arusha. Ndege ya abiria yenye injini mbili kubwa ikashuka kwenye njia ya kurukia ya mita kama 1,600, ilhali ile iliyokuwa inaitafuta ina mita 3,600. Magurudumu yakaishia kwenye nyasi, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Wale walikuwa marubani wa kazi, wenye saa nyingi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Lakini viwanja hivi viwili vimeachana kilomita 50 tu, na njia zote mbili zinaitwa 09/27, yaani dira inakusomea namba ileile. Ukiona lami mbele yako, imeelekea unakotaka, tena Mlima Meru upo, akili inasema "ndiyo hiyo" na kuacha kuuliza.

Nawe utakuwa na vishawishi hivyohivyo. Ukitoka Dar moja kwa moja ni maili za angani kama 260. Unapita karibu na Handeni, unaingia nyika ya Wamasai, bwawa la Nyumba ya Mungu linabaki mbali kulia, halafu KIA nayo inakuwa upande huohuo wa kulia kabla hujafika Arusha. Lami ndefu, nyeupe kwa jua, katikati ya tambarare. Inavutia.

Dawa yake ni kuandika, kabla hujaondoka nyumbani, alama tatu ambazo lazima uzione zote. Mimi ningeandika hivi. Ya kwanza ni mlima: ukiwa KIA, Meru iko kaskazini-magharibi, ukiwa kiwanja cha Arusha, Meru iko kaskazini-mashariki, kilele chake kama maili 10 tu, kikubwa kiasi cha kujaza dirisha. Ya pili ni ardhi: Arusha kuna mashamba ya kahawa ya Burka na barabara kuu ya kwenda Dodoma imepita jirani, KIA ni nyika tupu. Ya tatu ni chombo: GPS imeandikwa HTAR (Arusha), si HTKJ (KIA), na umbali unapungua kuelekea sifuri. Zikipatikana mbili kati ya tatu, hujafika. Tableti pekee usiiamini, kwa sababu uliyeandika jina la kiwanja ni wewe, na mkono wako nao huteleza.

Altimita, yaani kipima urefu, nayo ina lake. Kiwanja cha Arusha kiko futi 4,550. Saketi, ule mzunguko wa kiwanja kabla ya kutua, ya futi elfu moja juu ya ardhi inakuwa futi 5,550 kwenye altimita. Kwa mtu wa Dar, altimita ikisoma 5,500 ina maana yuko juu mno, ana muda wa kutafuta miwani na kunywa maji. Kule uko futi elfu juu ya mibuni. Ziandike namba hizi kwa kalamu nene kwenye ubao wa paja: urefu wa kiwanja, urefu wa saketi, na futi ambayo ukiifikia hujatulia kwenye fainali unaondoka. Hesabu za kujumlisha 4,550 zifanyike mezani. Hakuna anayejumlisha vizuri huku redio inamwita.

Hewa yenyewe sasa. Mchana wa mwezi wa nane Arusha inaweza kufika nyuzi 25. Kwenye urefu ule kipimo cha kawaida ni nyuzi 6 hivi, kwa hiyo umezidi kwa 19. Kila nyuzi moja ya ziada hesabu kama futi 120: unapata zaidi ya futi 2,200, ujumlishe na 4,550. Ndege yako itajiona iko karibu futi 6,800. Injini ya nguvu za farasi 160 ambayo haina tabo ya kuisukumia hewa inabaki na kama 125. Propela nayo inakata hewa nyepesi, bawa nalo linabebwa na hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo umepunguziwa mara tatu kwa siku moja. Ile futi 700 kwa dakika uliyozoea kupanda nayo, jiandae kuona 400, na pungufu ukiwa umejaza.

Kwenye kutua, hadithi ni ya hila zaidi. Kipima mwendo kinasoma nguvu ya hewa inayoingia kwenye bomba, kwa hiyo noti 65 (maili za angani kwa saa) za kukaribia ni 65 zilezile, na hapo usibadilishe kitu. Lakini mwendo wako wa kweli ni kama 72. Macho yataona ardhi inakimbia, yatakuambia "umezidisha", na mkono utavuta usukani bila ruhusa yako. Hapo ndipo watu wanapoanguka, kwenye kona ya mwisho, mwendo umeshuka mpaka 55 huku macho yakisema uko kasi. Amini sindano. Kisha ukubali kwamba utakula lami zaidi: umbali wa kusimama unakwenda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo asilimia 11 za mwendo ni kama asilimia 23 za umbali. Fungua kitabu cha ndege yako kwenye jedwali la kutua na la kuruka, ingiza futi na joto, halafu ongeza nusu juu ya jibu. Jedwali lile lilitengenezwa na rubani wa kiwanda, ndege mpya, breki mpya.

Kuna jingine ambalo lami yenyewe itakufanyia. Dar umezoea njia ya mita 3,000, pana mita 46. Ukikuta nyembamba, macho yanasema uko juu kuliko ulivyo, unashuka zaidi ya inavyotakiwa. Ikiwa na mwinuko kuelekea mbele, uongo ni uleule na unaongezeka. Uliza mteremko wake, usome AIP, kitabu cha taarifa za viwanja cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kama kuna taa za kuonyesha pembe ya kushukia zitumie, kama hazipo jipime kwa futi 300 kwa kila maili moja iliyobaki.

Nikusimulie la Nduli, kiwanja cha Iringa. Nilikuwa na saa 130 na kiburi cha saa 1,300. Niliingia Iringa asubuhi, baridi, nikatua vizuri, nikanywa chai. Saa saba mchana nikawapakia watu wawili kurudi Pwani. Nikafanya kama nilivyofundishwa Dar: kishikio chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani mpaka mwisho, throtoli (kishikio cha nguvu ya injini) yote, twende. Injini ikanguruma kwa sauti nzito kama lori linalopanda Kitonga. Nikapita robo ya njia, nusu ya njia, sindano bado inavutavuta miguu kwenye 40. Abiria wangu wa mbele, mwalimu wa sekondari, akauliza kwa upole kabisa, "Hii huwa inachukua muda gani?" Nikavuta throtoli nikasimama, mbele ilibaki lami ya kutosha kuegesha malori mawili. Nikarudi, nikazima, nikakaa kimya. Mzee mmoja fundi aliyekuwa amekaa kivulini akaja akachungulia kule ndani, akagusa kile kishikio chekundu kwa kidole kimoja na kusema, "Mwanangu, huku petroli hatuimwagi hivyo."

Alikuwa sahihi. Kule juu hewa ni kidogo, na ukitia petroli ya Pwani injini inasongwa. Kitabu cha Cessna kinasema wazi: kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, kabla ya kuruka weka throtoli yote ukiwa umeshika breki, vuta mchanganyiko taratibu mpaka mizunguko ya injini ifike juu kabisa. Wewe ulifundishwa kusukuma kishikio kile kama sala ya kuondokea, na ukiwa Dar haidhuru. Vilevile unaposhuka kwenda Arusha: ongeza kidogokidogo, usiingize yote kwa sababu tu orodha ya ukaguzi imesema "mchanganyiko, mwingi". Na ukighairi kutua, mchanganyiko lazima uwe tayari pale unapofaa, hutakuwa na muda wa kuutafuta.

Maana utaghairi. Panga kughairi, ndipo kutua kuwe ni zawadi. Mimi hujiwekea mstari: nisipokuwa kwenye mwendo wangu, kwenye mstari wa katikati na flapi (vibao vya nyuma ya bawa) zimekaa nikiwa futi 500 juu ya ardhi, yaani altimita 5,050 kwa Arusha, naondoka bila mjadala. Na nisipogusa lami ndani ya theluthi ya kwanza, naondoka. Kwenye 172 ya zamani yenye flapi za nyuzi 40, zile 40 usizishushe kule ukiwa na watu, kwa sababu kuzibeba kwa farasi 125 ni kama kubeba gunia huku unaogelea. Ishia 30, na ukighairi zirudishe kwanza mpaka 20, ushike mwendo, ndipo zilizobaki zipande kidogokidogo. Fanya zoezi hili Dar na mwalimu mara tano. Ukilifanya mara ya kwanza ukiwa na mama nyuma, utalifanya vibaya.

Nimefika kwa shemeji. Nisamehe, lakini shemeji apande basi. Chukua 172 ya kawaida ya farasi 160: uzito wa juu kabisa kilo 1,043, ukitoa ndege yenyewe unabaki na kilo kama 385 za watu, mizigo na mafuta. Tuseme wewe 82, mke 68, mama 90, shemeji 70: tayari 310. Mzigo wa harusi kilo 40, na hapo mmejibana. Zimebaki 35 za mafuta, sawa na lita 48, saa moja na nusu. Safari ni saa mbili na nusu. Ukimwacha shemeji na kupunguza mizigo ifike kilo 20, unajaza matangi na bado una nafasi. Pima kila kitu kwenye mzani, usikisie. Mama hatapenda kupimwa. Mpime hivyohivyo, na pochi lake mkononi, kwa sababu pochi la mama wa bibi harusi si kitu cha mchezo. Na ndege utakayokodi ina karatasi yake ya uzito. Tumia namba za karatasi hiyo, hizi zangu ni za mfano tu.

Hali ya hewa. Mwezi wa nane upepo wa kusi unasukuma unyevu kutoka baharini mpaka unagonga Meru na Kilimanjaro, na asubuhi nyingi mawingu yanalala chini, kijivu, kama blanketi juu ya mji. Jua likipanda yanainuka na kukatikakatika. Mchana ukikomaa joto linaanza kurusha ndege ovyo. Kwa hiyo dirisha lako ni katikati: ondoka Dar kama saa tatu asubuhi, ufike saa tano na nusu. Kabla ya kuondoka chukua METAR (hali ya hewa ya sasa) na utabiri wa HTAR na HTKJ kutoka TMA, mamlaka ya hali ya hewa, soma NOTAM (matangazo kwa marubani) za vyote viwili, kisha piga simu kwa mtu aliyesimama pale kiwanjani aangalie juu akuambie anaona nini. Swali zuri la kumuuliza si "hali ikoje?" maana atakujibu "safi". Muulize, "Monduli unaiona? Chini ya Meru kumekatika wapi?"

Muda wa taarifa hizo ni wa UTC, yaani saa ya dunia nzima, na nimeona watu wazima wakipotea hapo. Saa ya mkononi ya Afrika Mashariki unajumlisha 3. Lakini kwa saa zetu za Kiswahili unatoa 3: 0900 ya UTC ni saa sita mchana. Bibi yangu angeusoma utabiri wa anga vizuri kuliko sisi.

Sheria inakutaka uone kilomita 5 mbele na ukae mbali na wingu, futi 1,000 juu au chini na mita 1,500 pembeni. Hiyo ni ya anayekijua kiwanja. Wewe mgeni jiongezee: usipoona kilomita 10 na mawingu hayajainuka futi 2,000 juu ya kiwanja, nenda KIA. KIA iko chini zaidi, futi 2,932, lami yake haina mwisho kwa ndege kama yako, na teksi zipo. Usipite chini ya wingu ukifuata barabara ukidhani barabara haina mlima. Meru ina mita 4,566 na haitoi honi.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ATR 42 kutoka Dar iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa. Ndani walikuwemo watu 43, na 19 walipoteza maisha, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi. Sitoi hukumu juu ya marehemu. Nalitaja ili ujue kwamba kiwanja cha mkoani, chenye hali ya hewa inayotengenezwa na mlima au ziwa lililo jirani, hakimsamehe hata mwenye injini mbili na msaidizi pembeni. Wewe una injini moja na mama.

Redio haina mengi. Ukanda ule una ndege nyingi za watalii aina ya Caravan, zinazokwenda Serengeti, Manyara na Zanzibar, zina kasi kukuzidi na marubani wake wanaongea haraka kwa sababu wanasema maneno yaleyale kila siku. Ukiwa hujaelewa, sema hujaelewa. Sema pia kwamba wewe ni mgeni wa kiwanja. Waongoza ndege wakisikia hivyo wanakupa nafasi na maelekezo mepesi, hakuna atakayekucheka, na akikucheka atakuwa chini na wewe uko juu. Lakini macho yabaki nje. Tarehe 5 Machi 2024, asubuhi, Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria iliyotoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, ziligongana juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson salama. Wawili wa kwenye Cessna walifariki. Washa taa zako zote kuanzia maili 15, na mke wako akae mbele awe mtafuta ndege. Mpangie: akiona kitu aonyeshe kwa kidole, asieleze. Na mama umwambie kwamba ukiinua mkono wa kulia ni kimya mpaka mguse lami, hata kama amekumbuka jambo la muhimu kuhusu keki.

Ukishaegesha, kabla ya vigelegele, simamia mafuta mwenyewe. Piga simu siku mbili kabla uhakikishe Avgas, petroli ya ndege kama yako, ipo na itakuwepo siku ya kurudi. Halafu simama bawani anapojaza. Caravan zinatumia mafuta ya jeti, na kijana wa mafuta anayejaza Caravan kumi kwa siku anaweza kukujazia ya kumi na moja. Avgas 100LL ni ya buluu; mafuta ya jeti hayana rangi, au ni ya manjano hafifu kama majani ya chai yaliyochujwa mara ya tatu, na ukiyapaka kwenye vidole yanabaki na utelezi. Injini yako itawaka na yale yaliyobaki kwenye mabomba, itakupeleka mpaka mwisho wa njia na kidogo hewani, kisha itazima. Chota sampuli kila tangi, itazame kwenye mwanga, inuse.

Safari ya kurudi ndiyo ngumu, na hakuna anayeuliza kuihusu. Unaruka kutoka kule juu, umechoka na sherehe, na mama amepewa mchele na ndizi za kurudi nazo. Pima upya. Tazama wapi utasimama: chagua kitu kando ya njia kilicho nusu yake, na ukifika hapo hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyuka, vuta throtoli. Kwa noti 55 hiyo ni kama 38. Ikinyanyuka usiivute, iache ikimbie karibu na ardhi mpaka ishike mwendo wa kupanda. Ukiondokea 09, mji uko mbele na Meru iko kushoto. Omba kugeuka kulia kuelekea kusini mapema, huko ardhi inashuka pamoja nawe. Asubuhi mawingu yakiruhusu ndiyo bora. Yasiporuhusu, kaeni mnywe chai mpaka yainuke, ila jihadhari na kusogezwa mpaka alasiri, maana Dar hutaki kuifikia jua limezama huku saa zako za usiku ni chache.

Nitumie zile namba za ubao wa paja kabla hujaruka: alama zako tatu, futi za saketi, umbali wa kutua na kuruka kwa nyuzi 25, na uzito wa kila mmoja ulivyosoma kwenye mzani. Nitazipitia jioni moja nikutolee makosa kwa kalamu nyekundu. Na uzito wa mama uandike ule wa mzani, si ule aliokutajia.